Masika ya Bi Zabuni

4 Machi

Tabibu wa zahanati ameniambia niandike kila siku ili vidole vya mkono wa kulia visigande. Nikamwambia mimi si mtu wa kuandika, mimi ni mtu wa kufanya. Akasema basi fanya kuandika. Kijana ana mdomo. Haya, nimeanza.

Mimi ni seremala. Kabla ya hapo nilitunza stoo ya karakana kubwa mpaka nikastaafu, na tangu nimetoka haijapata mtu kama mimi. Hilo mji mzima unalijua. Mke wangu alitangulia zamani. Mwanangu wa pekee alitangulia mwaka juzi, kwa ugonjwa wa ini. Ameniachia mkwe na mjukuu wa kike anayesoma darasa la pili. Tunakaa watatu katika nyumba yangu. Nasema yangu kwa sababu ni yangu.

Wingu limekaa tangu asubuhi. Halijashuka.

5 Machi

Mvua ya kwanza. Banda langu la useremala kule barabarani linavuja pale pale pa mwaka jana.

Jioni mkwe kaleta habari. Kiwanda cha sabuni kinatafuta afisa ununuzi na ugavi. Yeye kasomea hiyo kazi masomo ya jioni, mwanangu alikuwa anamlipia, na baada ya msiba akaendelea kwa kufua nguo za watu. Kazi ina nyumba ya wafanyakazi ndani ya uzio wa kiwanda. Hilo la nyumba alilisema haraka haraka akiwa ameinama, kama mtu anayepitisha mzigo getini. Nikamuuliza nyumba yenyewe ina ukubwa gani. Akasema vyumba viwili, baba.

Nikasema vyumba viwili ni vya watu wawili.

Nikamwita Bi Zabuni. Mjukuu akacheka, hajui zabuni ni nini, kapenda sauti tu. Jina limekaa.

6 Machi

Mvua. Nimeranda mlango wa mtu.

9 Machi

Nimeamua kumfundisha mwenyewe. Chuo kimempa maneno, kazi yenyewe hakuna chuo kinachoijua kama mimi. Baada ya chakula nikamsimamisha mlangoni, mimi nikakaa kwenye kiti kama mkubwa wa usaili. Nikamuuliza, lori limefika, mvua inanyesha, dereva ana haraka, unapokea mzigo vipi? Akaanza kusema, kwanza nalinganisha hati ya oda na hati ya dereva. Nikamkata hapo hapo. Nikamwambia umeshaibiwa wewe. Unasoma karatasi, huku nyuma turubai limefunguliwa na katoni za chini zimeloa. Kwanza unalizunguka lori.

Akasema, "Sawa, baba. Lakini wao watauliza utaratibu."

Nikamwambia utaratibu ni mimi.

Alisimama mpaka akaanza kuhamisha uzito mguu huu na huu. Sikumwambia akae. Mtu wa stoo hakai.

10 Machi

Tena. Kajibu vizuri. Sikumwambia.

12 Machi

Kaniletea chakula bandani wakati wateja wamejibanza kukwepa mvua, na jirani yangu fundi cherehani, tunayemwita Sindano, yupo pia. Nikaona nimjaribu mbele za watu, usaili ni mbele za watu. Nikamwambia, haya Bi Zabuni, tuambie, kwa nini usinunue kwa mwenye bei ya chini siku zote? Akaweka chini vyombo akaeleza. Kwamba bei ya chini inaweza kuja na mzigo unaochelewa, na mzigo ukichelewa mashine inasimama, na mashine ikisimama ile bei ya chini imeshakuwa ghali. Aliongea polepole, hakubabaika. Mteja mmoja akasema, huyu anajua.

Nikasema anajua ndiyo. Mwanangu naye alijua kuchagua vitu, viatu, redio, baiskeli. Kwenye mke tu ndipo alipochukua cha bei ya chini.

Watu walicheka mpaka Sindano akashika ubao. Mkwe akakusanya vyombo akaondoka, na mwavuli kauacha. Nikauchukua mimi jioni.

15 Machi

Leo ni siku ya kuandikwa. Kaja kijana mwenye miwani na gari la kiwanda cha sabuni. Wanatafuta mtu wa kuwatengenezea paleti, yale majukwaa ya mbao yanayowekwa chini ya katoni ili zisiguse sakafu. Aliyekuwa anawaletea mbao zake mbichi, zinapinda. Kapita banda moja moja, kafika kwangu, kagonga mbao zangu kwa kidole, kasema mzee hizi zimekauka. Nikamwambia mimi nakausha mbao ndani hata kama watu nyumbani wanalala nje. Akacheka. Akachukua jina langu na mtaa ninapokaa, akaniingiza kwenye simu yake, nikawa mzabuni wa kiwanda.

Nyumbani sikusema. Kwa nini niseme? Siku ya usaili watamuuliza jina la ukoo, watatazamana, watasema kumbe wewe ni wa yule mzee wa paleti. Mlango utafunguka wenyewe. Nikimwambia sasa ataringa. Acha ashangae mbele yao, ajue anasimama kwenye mgongo wa nani.

17 Machi

Mvua. Misumari.

19 Machi

Mkwe alikuwa anasoma kwa sauti mezani, mimi namsikiliza huku nimefumba macho, anadhani nimelala. Kafika mahali panaitwa mgongano wa maslahi. Nikafumbua jicho nikamuuliza ndiyo nini hiyo. Akaeleza, baba, ni pale afisa ununuzi anapokuwa na ndugu anayeuza kitu kwenye kampuni hiyo hiyo. Lazima aseme mwenyewe, mapema. Akisema hakuna neno, wanamweka kando tu mambo ya huyo ndugu yanapoamuliwa. Asiposema, hata kama hajaiba kitu, anaondolewa.

Nikacheka sana. Nikamwambia sasa ndugu wa nini kama hakufungulii mlango? Akasema, "Ndiyo maana wameweka sheria, baba." Nikamwambia asogeze taa, inaniumiza macho.

Hiyo ni sheria ya wezi. Mtu wa paleti haimhusu.

22 Machi

Mkwe kapita bandani akitoka dukani, kaziona paleti. Akauliza paleti za nani. Nikasema za mteja. Akapitisha kiganja juu ya mbao, akasema zimenyooka. Nikasema najua.

26 Machi

Ameitwa kwenye usaili. Barua kaisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Mjukuu akaanza kukimbia ndani akikusanya vitu vyake, mwanasesere wake na madaftari, anavitia kwenye mfuko. Anasema tunahamia kwenye nyumba ya sabuni. Nikamwambia, acha hivyo, mama yako atakwenda huko kucheka na walinzi, atarudi mikono mitupu, na wewe utaaibika shuleni kwa sababu umeshatangaza.

Mtoto akalia. Mkwe akaja akasimama mbele yangu. "Baba, mimi niseme unavyotaka. Mtoto usimseme."

Sauti ndogo lakini haikutetemeka. Sijawahi kusikia hiyo sauti humu ndani. Chakula cha jioni nilikirudisha jikoni, nikasema kina chumvi. Hakikuwa na chumvi. Akapika kingine.

27 Machi

Nimerudisha na cha leo.

30 Machi

Maji yameingia bandani mpaka kwenye benchi. Paleti nimezipandisha juu ya mapipa. Mzigo wa kwanza umeondoka na mkokoteni, umefunikwa turubai langu jipya. Kijana wa miwani kasema ziko sawa sawa. Nikamwambia zingekuwaje?

3 Aprili

Siku ya usaili. Alfajiri nilimgongea mlango nikamwambia nina safari, shati langu lipigwe pasi kwanza. Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda bandani. Akapiga langu, halafu lake, mkaa ukawa umeisha nguvu, akaondoka na mkunjo mgongoni. Niliuona. Nilimwambia nenda salama.

Karudi jioni kalowa mpaka magotini na uso unang'aa. Mkwe wangu si mtu wa kusimulia, lakini leo alisimulia. Walikuwa watatu mezani. Mkubwa wao ni mama mmoja, mkuu wa ununuzi. Wakamuuliza habari ya lori kwenye mvua, kweli kabisa, lori kwenye mvua. Akawajibu kwanza nalizunguka. Yule mama akaweka kalamu chini akacheka, akasema hakuna aliyewahi kuanzia hapo. Mkwe akawaambia amefundishwa na baba yake.

Hapo nikanyanyua kichwa. Hakusema baba mkwe. Alisema baba.

Halafu akaendelea. Mwishoni wakamuuliza kama kuna mtu wa nyumbani kwake anayeuza kitu kiwandani pale. "Nikasema hakuna. Wakaniuliza tena nina hakika, nikasema nina hakika, baba mkwe wangu ni seremala wa mtaani, anatengeneza milango."

Nilikuwa natafuna. Niliendelea kutafuna.

Majibu ni baada ya wiki moja, kasema. Yaani wiki nzima ya kuwapigia simu akasema, samahani, sikujua, yupo. Na yeye mwenyewe ndiye aliyenisomea kwamba ukisema mapema hakuna neno. Ningefungua mdomo hapo hapo mezani. Lakini "seremala wa mtaani". Anatengeneza milango. Mimi mzabuni wa kiwanda.

Nikamwambia taa inavuta moshi, akate utambi.

5 Aprili

Nilitaka kumwambia asubuhi. Alikuwa anaimba jikoni. Nikaingia, akageuka, akasema shikamoo baba. Nikasema marahaba, uji unaungua.

6 Aprili

Mvua mchana kutwa.

9 Aprili

Nimepeleka mzigo wa pili mwenyewe, nimekaa pembeni juu ya mkokoteni, ili nione paleti zangu zikiwa kazini. Zimepangwa katoni mpaka karibu na dari. Nilisimama pale kama mtu anayetazama wanawe. Kijana wa miwani akaja na orodha, akaniambia mzee kuna mwanamke mwenye jina lako alikuja usaili wa ununuzi, kajibu vizuri kuliko wote.

Mdomo ulitangulia. Nikamwambia, "Huyo mkwe wangu. Nimemfundisha mimi, analala kwangu, anakula kwangu."

Kijana akaacha kuhesabu. Akauliza, nyumba moja? Nikasema nyumba yangu moja. Akasema haya mzee, asante. Akaondoka hajamaliza kuhesabu.

Njiani mvua ilinipiga yote. Msukuma mkokoteni akauliza kulikoni mzee, nikamwambia asukume.

10 Aprili

Simu imempata akiwa anaanua nguo. Niliona kupitia dirishani. Aliacha kamba, nguo nyingine zikabaki zinaloa, za watu anaowafulia. Alisema ndiyo, ndiyo, hapana sikujua, ndiyo.

Akaja moja kwa moja. "Zile paleti."

Nikasema zimefanya nini.

"Nilipokusimulia walichoniuliza, baba, ulinyamaza."

Nikasema nilikuwa nakula. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga, ningejua pa kushika. Akaniambia taratibu, kama anamweleza mtoto, kwamba yule mama mkuu wa ununuzi kasema yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza. Wamesimamisha. Wanataka Jumatatu mimi niende niseme mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba mkwe wangu hakujua. Nikisema hivyo yeye si mwongo, kazi ni yake, na mambo ya paleti yataamuliwa na mwingine. Mimi siondolewi, yeye haondolewi.

Akapiga magoti, pale pale sakafuni, na maji yanamchuruzika. "Sijawahi kukuomba kitu. Nenda useme tu sikujua."

Nikamwambia nitafikiri.

12 Aprili

Nafikiri. Koti langu limefuliwa. Viatu vimepigwa rangi. Nimesema kuku, kapika kuku, kamnunua wapi sijui. Mjukuu kaambiwa asinipigie kelele. Nyumba haijawahi kuwa na adabu hivi.

13 Aprili

Kaniuliza kama nimeshafikiri. Nikamwambia mtu hasukumwi kufikiri.

14 Aprili

Usiku nimemwambia nitakwenda. Alifunika uso kwa kanga akakaa hivyo.

15 Aprili

Naandika yote leo, hata vidole vikiuma.

Tulikwenda pamoja. Alinifunika mwavuli yeye, bega lake lilikuwa nje. Getini walinzi wananijua, mzee wa paleti karibu, nikawapungia. Yeye akabaki kwenye korido, kwenye benchi, mimi nikaingizwa ndani.

Meza ndefu. Yule mama katikati, umri wa kuwa mdogo wake marehemu mke wangu, nywele zimefungwa nyuma. Kijana wa miwani upande huu. Upande ule mwanamume mmoja mnene anayeitwa wa utumishi, anacheza na kifuniko cha kalamu. Wakanisalimia vizuri, shikamoo mzee, wakanipa kiti, wakanipa na maji. Yule mama akaanza kwa kusifu paleti. Akasema tangu zije hakuna katoni iliyoloa. Nikamweleza ninavyokausha mbao, nikamweleza na stoo ya karakana, nilivyokuwa naijua gizani kwa kugusa. Aliniacha nikaongea. Ni mtu mwenye adabu.

Halafu akasema, "Mzee, tumekuita kwa jambo dogo. Mkweo alipokuja hapa, alikuwa anajua kwamba wewe unatuletea mzigo?"

Nilikuwa na jibu. Nililibeba tangu nyumbani, neno moja. Hakujua.

Kabla sijalitoa, yule mnene akatabasamu akasema, "Yaani mzee ulikuwa unamficha mkweo. Wazee wetu siku hizi wanaogopa wake wa watoto wao. Hela ya paleti unaificha wapi, kwenye maranda?"

Kijana wa miwani akacheka. Akajaribu kuzuia, lakini akacheka. Na yule mama, hata yeye, mdomo ulimcheza.

Mimi. Mimi niliyewasimamisha mafundi wazima mlangoni kwa kukosa saini. Nimfiche mwanamke, ndani ya nyumba niliyoijenga kwa mikono hii, nibebe mbao kwa kunyata kama mwizi wa kuku.

Nikasema, "Nyumbani kwangu hakuna kinachofichwa. Mimi simwogopi mtu. Anajua kila kitu."

Kicheko kikakatika. Yule mama akasogea mbele. Akasema taratibu sana, nakumbuka alivyosema, "Mzee wangu, sikiliza swali vizuri, ni muhimu kwake. Siku ile ya usaili, kabla hajaingia humu, alijua?"

Alinipa nafasi. Naliandika hilo kwa kuwa ni kweli. Alinipa na muda, akaacha kalamu, akanitazama machoni kama anayenivuta kwa kamba. Yule mnene alikuwa bado na tabasamu kwenye shavu moja.

Nikasema, "Alijua. Kila paleti ameishika kwa mkono wake."

Wakashukuru. Wakanifungulia mlango.

Kwenye korido mkwe akainuka. Uso wake sitauandika. Akauliza, "Umewaambia, baba?"

Nikasema nimewaambia.

Nilisimama kidogo. Mlango ulikuwa hatua chache nyuma yangu, na sauti zao nazisikia. Ningegonga tu. Akanishika mkono, kwa mikono yake yote miwili, akaubusu kwa juu kama watoto wanavyofanya, akafungua mwavuli. Tukaondoka.

16 Aprili

Chai ya maziwa. Kasema baba nikianza kazi nitaleta mtu wa kuziba bati la banda. Kasema Jumapili zote watakuja, yeye na mtoto, na mimi nikichoka kule kuna chumba, mtoto atalala na yeye. Kumbe alikuwa ameshapanga. Vyumba viwili, kimoja ameshanipa mimi.

Nikamwambia sukari haitoshi.

17 Aprili

Mjukuu kanichorea nyumba. Ina watu watatu na mmoja ana msumeno. Mvua imepungua.

Nilikwenda mpaka getini kiwandani. Mlinzi akasema karibu mzee, unaleta? Nikasema napita tu. Unapita kwenda wapi, akasema, huku mwisho wa barabara. Nikarudi.

18 Aprili

Wamempigia mchana. Nilikuwa nakula. Aliondoka na simu mpaka uani, akarudi, akamwambia mtoto nenda hapo jirani kwa mke wa Sindano ukacheze. Akakaa mbele yangu. Hajawahi kukaa mbele yangu nikiwa nakula.

"Wamenisomea ulichosema, baba."

Nikamega tonge.

"Nimewaambia labda wamekuandika vibaya. Nimewaambia wewe ni mzee, labda hukusikia swali. Wamesema niwaletee neno lako leo kabla hawajafunga ofisi, la sivyo watampa mwingine kesho." Alikuwa anazungumza kama mtu aliyebeba maji kichwani. "Niambie tu walikosea kuandika. Hata kama hawakukosea. Sema hivyo, nitawapigia sasa hivi, utasema, yataisha. Sitakuuliza tena maisha yangu yote."

Simu ilikuwa mezani karibu na bakuli. Eti hukusikia. Yaani mimi sikusikia. Mzee, kiziwi, hakuelewa swali, mkwe wake anamwombea radhi kwenye simu na yule mnene anasikiliza.

Nikamwambia, "Hawakukosea. Mimi nikisema nimesema."

Akaendelea kukaa. Nilidhani atalia, nikajiandaa kukasirika. Hakulia. Akanitazama kama alivyokuwa anatazama zile hati zake anaposoma, mstari kwa mstari, mpaka mwisho, halafu akawa amemaliza. Akaniuliza kama nimeshiba. Nikasema bado. Akaniongezea.

19 Aprili

Wameondoka asubuhi. Kaka yake ana duka la vifaa vya ujenzi mji mwingine, mkwe atamshikia kaunta na kulala kwenye chumba cha nyuma na mtoto. Kaja mlangoni na mizigo, akasema shikamoo. Nikasema marahaba. Mjukuu akauliza babu haji? Mama yake akasema babu ana kazi nyingi.

Kanipikia chakula cha siku mbili, kakifunika.

Nilimwambia Bi Zabuni safari njema. Ilikuwa utani tu. Hakugeuka.

20 Aprili

Nimekula cha jana.

22 Aprili

Nimekula kilichobaki. Kilikuwa kimechacha.

25 Aprili

Kijana wa miwani kaja. Nilidhani kaja kuniondoa kwenye orodha. Kumbe mimi sina kosa, kasema, sheria inambana anayeomba kazi, siyo muuzaji. Wanataka paleti nyingi zaidi. Akasimama kidogo, akazungusha funguo. Kasema mzee, yule mama alilia ofisini, alikuwa ameshamwandikia barua ya kazi. Sijui kwa nini kaniambia. Nikamwambia anisaidie kushika upande wa pili wa ubao, nikaukata. Akapata vumbi kwenye suruali, akaondoka.

28 Aprili

Hakuna mvua. Ubao mrefu haukatiki vizuri ukiwa peke yako. Nimeuegemeza kwenye pipa, umeteleza, umenipiga goti.

2 Mei

Nimepiga namba yake. Ikaita. Akapokea mjukuu, akasema babu, mama anapakua mabati, nimwite? Nikamwambia asimwite. Nikamuuliza shule mpya ikoje. Akasema nzuri. Halafu salio likaisha.

6 Mei

Jua kali, barabara imekauka, watu wamerudi kukaa mbele ya banda. Wateja wale wale wa siku ile ya mvua. Sindano kaniuliza mbele yao, mzee, Bi Zabuni yuko wapi, siku nyingi hatujaonja chakula chake.

Nikaweka randa chini. Nikawaambia amepata kazi. Kazi kubwa, mji mwingine, ya ununuzi na ugavi, ana watu chini yake, malori yanamsubiri yeye asaini. Mmoja akasema nilijua, yule mkweo alikuwa na kichwa. Nikasema kichwa, kichwa cha nani? Nani aliyemsimamisha mlangoni kila jioni? Nani aliyemwambia lizunguke lori kwanza?

Wakasimama, mmoja mmoja, wakanipa mkono. Hongera mzee, hongera sana, umelea. Sindano hakusimama. Alikuwa anatunga uzi, ameinama, na alichukua muda mrefu kuutunga.

Hongera za wengine nilizipokea zote.